Dunia Hulizunguka Jua: Umejuaje?

Mwulize mtoto yeyote wa darasa la saba au la nane hapa Rutshuru: je, Jua huizunguka Dunia, au Dunia hulizunguka Jua? Atajibu mara moja kwamba Dunia hulizunguka Jua. Atakutajia na sayari zote nane kwa mfuatano, tena kwa Kifaransa, asikose hata moja. Mwalimu atampa pointi zote, na baba yake atafurahi aonapo buletini. Lakini mwongezee neno moja tu: "Umejuaje?" Hapo utasikia kimya. Mmoja atasema kwamba kitabu chasema hivyo. Wa pili atasema kwamba mwalimu alifundisha. Wa tatu atatazama dari.

Sisi tufundishao katekisimu hatushangai sana. Twajua kwamba mtoto aweza kuzitaja Amri Kumi kwa sauti nzuri na asishike hata moja. Walakini swali hili la "umejuaje" lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita ndani ya Kanisa lenyewe. Wazazi wengi, na walimu pia, wadhani ni habari ya vita kati ya imani na elimu. Ukiisoma kwa utaratibu utaona kwamba ni habari ya ushahidi: nani alikuwa nao, tangu lini, nao ulithibitisha nini. Ndiyo sababu tumeona yafaa tuisimulie hapa, kwa faida ya wale wenye watoto shuleni na wale wenye kusahihisha karatasi zao.

Tuchukue karatasi mbili za namna tunayoiona mara nyingi. Ya kwanza yasema: "Dunia hulizunguka Jua kwa siku 365." Basi, imekwisha. Ya pili yasema: "Jua huizunguka Dunia, kwa sababu asubuhi naliona likitoka upande wa Jomba na jioni latua nyuma ya milima ya magharibi. Tena kama Dunia ingekuwa inakwenda, tungeisikia ikienda, na jiwe likirushwa juu lisingerudi palepale." Kwa desturi ya kusahihisha, wa kwanza apata pointi zote na wa pili apata sifuri. Lakini ni yupi kati yao aliyefikiri? Wa pili amekosa jibu, hilo ni kweli. Hata hivyo ametoa mashahidi wawili, nao ni mashahidi walewale walioitwa na wenye akili kubwa kabisa wa zamani. Aristotle alisema hivyo, na Ptolemy wa Aleksandria, katika karne ya pili baada ya Kristo, aliandika kitabu kikubwa cha hesabu za mbingu juu ya msingi huo. Kitabu hicho kilitumika kwa zaidi ya miaka elfu na mia tatu, kwa sababu hesabu zake ziliweza kutabiri mahali pa sayari kwa kadiri ya kutosha.

Mtu wa kuigeuza hesabu hiyo alikuwa mtu wa Kanisa. Nicolaus Copernicus alikuwa kanoni wa kanisa kuu la Frombork, katika nchi ya Poland. Mwaka 1536 Kardinali Nikolaus von Schönberg alimwandikia barua akimsihi atangaze fikira zake. Kitabu chake kilitoka mwaka 1543, mwaka wa kufa kwake, nacho alikuwa amekiweka chini ya jina la Papa Paulo III. Copernicus aliliweka Jua katikati, na mara mambo mengi yakapata utaratibu. Mathalan, sayari kama Mirihi mara nyingine yaonekana kusimama na kurudi nyuma kati ya nyota. Kwa Copernicus sababu yake ni nyepesi: sisi twaipita njiani, kama gari lipitavyo baiskeli, na mwenye baiskeli huonekana kurudi nyuma. Huo ulikuwa uzuri wa hesabu, na uzuri una nguvu yake. Lakini haukuwa shahidi wa macho.

Tena walikuwako mashahidi wa upande wa pili. Tycho Brahe wa Denmark, aliyekufa mwaka 1601, alikuwa hodari wa kupima nyota kuliko watu wote waliomtangulia. Alisema hivi: kama Dunia yasafiri mwendo mkubwa namna hiyo, nyota za karibu zingeonekana kusogea kidogo mbele ya nyota za mbali, kama vile mti wa karibu usogeavyo mbele ya kilima ukitembea kando ya barabara. Akatafuta kusogea huko, asikuone. Basi akakubali kwamba sayari nyingine hulizunguka Jua, lakini Jua lenyewe, pamoja na sayari zake zote, huizunguka Dunia. Msomaji asicheke. Tycho alikuwa na haki ya kuutaka ushahidi huo, na ushahidi wenyewe ulikuwako kweli, ila ulikuwa mdogo mno kwa vyombo vyake.

Halafu akaja Galileo Galilei na darubini. Mwezi wa Januari 1610 aliona miezi minne ikiizunguka Mshtarii. Mwisho wa mwaka uleule aliona Zuhura, nyota yetu ya asubuhi na jioni, ikipungua na kujaa kama mwezi. Mapadre Wajezuiti wa Chuo cha Roma, chini ya Padri Christoph Clavius, walitazama kwa darubini zao wenyewe, na mwaka 1611 walikiri kwamba mambo hayo yaonekana kweli. Hapa ndipo mwalimu ashikapo kalamu yake vizuri. Miezi ya Mshtarii yashuhudia nini? Yashuhudia kwamba si kila kitu cha mbinguni huizunguka Dunia. Zaidi ya hapo yanyamaza. Na kujaa kwa Zuhura kwashuhudia nini? Kwashuhudia kwamba Zuhura hulizunguka Jua, na kwa hiyo hesabu ya Ptolemy imevunjika. Lakini hesabu ya Tycho haijavunjika! Kwake pia Zuhura hulizunguka Jua. Mwanafunzi aandikaye, "Zuhura huonekana kama mwezi, kwa hiyo Dunia inakwenda," amerukia ng'ambo ya mto bila daraja.

Hilo ndilo alilolishika Kardinali Roberto Bellarmino, ambaye sasa ni mtakatifu wa Kanisa. Tarehe 12 Aprili 1615 alimwandikia Mkarmeli mmoja, Padri Paolo Antonio Foscarini. Maana ya maneno yake ilikuwa hii: kama ungekuwako uthibitisho wa kweli kwamba Dunia hulizunguka Jua, ingepasa kuyaeleza kwa uangalifu mkubwa Maandiko yanayoonekana kusema kinyume, na afadhali kusema hatukuyaelewa kuliko kukanusha jambo lililothibitishwa. Ila yeye, alisema, hajaonyeshwa uthibitisho wa namna hiyo. Kwa habari ya ushahidi wa siku zile, alisema kweli. Galileo mwenyewe aliuweka moyo wake katika hoja ya kujaa na kupwa kwa bahari, akidhani maji huyumba kwa sababu Dunia inakwenda. Nayo hoja hiyo ilikuwa na kosa, kwa maana maji ya bahari huvutwa hasa na Mwezi.

Hatusemi kwamba yaliyofuata yalikuwa ya haki. Mwaka 1616 kitabu cha Copernicus kilizuiwa mpaka kisahihishwe. Tarehe 22 Juni 1633 Galileo alihukumiwa huko Roma, akakaa kifungo cha nyumbani hata kufa kwake mwaka 1642. Kukosa uthibitisho ni sababu ya kungoja; haikuwa sababu ya kumfunga mtu.

Ushahidi wenyewe ulikuja polepole, mmoja mmoja, toka nchi mbalimbali. Kwanza lilijibiwa lile la jiwe. Padri Mfaransa, Pierre Gassendi, mwaka 1640 huko Marseille, aliangushiwa mawe toka juu ya mlingoti wa merikebu ya makasia iliyokuwa ikienda mbio. Mawe yalianguka chini ya mlingoti uleule, hayakubaki nyuma. Aliyepanda boti toka Goma kwenda Bukavu siku ya ziwa shwari aelewa: akiangusha kijiko, chaanguka miguuni pake. Mtoto wetu wa karatasi ya pili angefurahi kufanya jaribio hilo. Lakini angalieni tena: hili laondoa pingamizi tu. Lasema kwamba Dunia *yaweza* kwenda nasi tusisikie. Halisemi kwamba inakwenda.

Aliyeupata ushahidi wa kwanza wa kweli ni Mwingereza James Bradley, mwaka 1728, na aliupata akitafuta kitu kingine. Fikiri mvua inyeshayo wima, bila upepo. Ukisimama, washika mwavuli juu ya kichwa. Ukipanda pikipiki toka Rutshuru kwenda Kiwanja, matone hukupiga usoni, na mwavuli ungeulaza mbele. Ukirudi, wauhamishia mbele ya upande mwingine. Bradley aliona kwamba nuru ya nyota ni kama mvua hiyo: ilimbidi ailaze darubini kidogo sana kuelekea upande mmoja, na baada ya miezi sita kuelekea upande wa pili. Nani basi aliyepanda pikipiki? Ni Dunia, iendayo karibu kilometa 30 kila sekunde. Hesabu ya Tycho haina jibu kwa jambo hili.

Mwaka 1791 padri mwingine, Giovanni Battista Guglielmini, aliangusha risasi toka juu ya mnara wa Asinelli katika mji wa Bologna, nazo zikaanguka upande wa mashariki kidogo, kama ipasavyo ikiwa Dunia yajipinda yenyewe. Mwaka 1838 Friedrich Bessel, huko Königsberg, aliona kule kusogea kwa nyota alikokutafuta Tycho. Jinsi gani kulikuwa kudogo! Ni sawasawa na kutazama upana wa milimita moja kutoka mbali wa meta 650. Na mwaka 1851 Léon Foucault alitundika tufe zito kwa waya mrefu huko Paris, akaliacha liyumbe, na watu wakaona mstari wa kuyumba ukigeuka pole pole mbele ya macho yao.

Kanisa halikungoja mpaka Foucault. Mwaka 1758 katazo la jumla juu ya vitabu vifundishavyo mwendo wa Dunia liliondolewa katika orodha. Mwaka 1820 kanoni Giuseppe Settele, mwalimu huko Roma, aliruhusiwa kupiga chapa kitabu chake kilichoufundisha kama jambo la kweli, na ruhusa hiyo ikafanywa ya wote mwaka 1822. Katika orodha ya mwaka 1835 kitabu cha Copernicus na cha Galileo havimo tena. Mwisho, tarehe 31 Oktoba 1992, Papa Yohane Paulo II, baada ya kamati aliyoiweka mwaka 1981 kumaliza kazi, alikiri hadharani kwamba wanateolojia wa siku za Galileo walikosa kutofautisha Maandiko yenyewe na namna yao ya kuyaeleza. Kwa hiyo mtoto akiuliza habari za Yoshua na Jua lililosimama, asikaripiwe. Ameuliza swali la Kardinali Bellarmino.

Sasa turudi darasani kwetu, kwa maana hapa Rutshuru liko tatizo ambalo vitabu vyetu havilioni. Vitabu hivyo vingi vilitungwa kwa watoto wa Ulaya. Chasema kitabu: tundika tufe, nawe utaona Dunia ikijipinda. Huko Paris mstari wa kuyumba hugeuka nyuzi 11 na zaidi kwa saa moja. Lakini Rutshuru iko karibu kabisa na Ikweta, kama nyuzi 1 na dakika 11 kusini yake. Hapa kwetu mstari huo hugeuka kama theluthi moja tu ya nyuzi kwa saa, na kuzunguka mara moja ungehitaji siku 48. Mwalimu atakayefanya jaribio hilo mbele ya wanafunzi ataona haya bure. Na mwanafunzi mwenye akili atauliza: je, hapa kwetu Dunia haizunguki? Shahidi wa Paris akija Ikweta anyamaza, na kujua kwa nini anyamaza ni elimu kubwa kuliko kukariri jina la Foucault.

Vivyo hivyo habari ya majira. Kitabu chaeleza baridi na theluji, vitu ambavyo mtoto wetu hajaviona isipokuwa kwa mbali, siku chache, juu ya vilele vya Ruwenzori. Basi atunga sababu yake: Dunia ikikaribia Jua kuna joto, ikienda mbali kuna baridi. Wasomi wamelikuta kosa hilo kila mahali. Mwaka 1987 Wamarekani walipiga filamu siku ya sherehe ya wahitimu wa chuo kikuu cha Harvard. Kati ya watu 23 walioulizwa habari ya majira au ya sura za mwezi, 21 walishindwa kueleza sawasawa, na sababu ya umbali ilikuwa vinywani mwao pia. Kumbe Dunia iko karibu zaidi na Jua mwanzoni mwa Januari, wakati Ulaya yatetemeka kwa baridi. Neno hilo moja latosha kuiangusha sababu ya umbali, na ni swali zuri la mtihani: mpe mtoto habari ya Januari, umwulize inamfanyia nini yule asemaye habari ya umbali.

Lakini kama twakosa tufe la Foucault, tunalo jingine ambalo Paris hawana. Simika fimbo ya meta moja wima uwanjani. Adhuhuri ya mwisho wa Juni kivuli chake huelekea kusini, kama sentimeta 46. Adhuhuri ya karibu na Noeli huelekea kaskazini, kama sentimeta 41. Na mara mbili kwa mwaka, karibu na 17 Machi na 26 Septemba, Jua lapita juu ya kichwa na kivuli chatoweka miguuni pa fimbo. Paris kivuli cha adhuhuri hakigeuki kamwe. Vita vya miaka hii vimeharibu madarasa na kuwatawanya watoto; fimbo haikuibwa wala haikuungua. Mtoto aweza kuona kwa macho yake kwamba 46 na 41 si sawa, na kutoka hapo akagundua kwamba anakaa kusini ya Ikweta, bila kuona ramani.

Tena liko zoezi jingine, la kwetu kabisa. Mto wetu wa Rutshuru huingia ziwa Edward upande wa kusini. Upande wa kaskazini, pale mto Semliki utokapo ziwani, ndipo Ishango. Hapo mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba akapata mfupa mdogo, wa sentimeta 10 hivi, wenye alama zilizokatwa kwa mistari mitatu. Wataalamu waukadiria kuwa na miaka kama 20,000, nao sasa uko Brussels. Alama za mstari mmoja ni 11, 13, 17 na 19. Za wa pili ni 11, 21, 19 na 9. Na za mstari wa kati ni 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. De Heinzelin aliona humo hesabu. Alexander Marshack, Mmarekani, aliona humo kalenda ya mwezi. Waandikie wanafunzi namba hizo ubaoni, waambie kwamba miezi miwili ya mbinguni ni siku 59, halafu uliza: nani asema kweli? Watajumlisha: 60, 60, na 48. Wengine watapiga kelele kwamba 60 ni miezi miwili, basi Marshack ameshinda. Atatokea mmoja aulize: na 48 je? Huyo mpe pointi zake zote. Hana jibu, wala wataalamu hawajapatana, lakini ameona shahidi asiyekubaliana na wenzake.

Twajua mwalimu atasema: mtihani wa taifa hauulizi hivyo. Ni kweli kwamba Mtihani wa Serikali, tangu ulipoanza mwaka 1967, umezoeza watu kutafuta jibu moja lililo sawa, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani hawezi kusoma insha za kila mmoja kila juma. Hatumlaumu. Lakini swali fupi laweza kuwa na mlango wa pili: baada ya jibu, mstari mmoja wa "umejuaje", na pointi zigawanywe nusu kwa nusu. Yule wa karatasi ya kwanza apate nusu. Yule wa pili, aliyekosa jibu akaleta mashahidi wake wawili, apate sehemu yake, na mwalimu aandike pembeni: "Jiwe lajibiwa na boti ya Bukavu. Jua utalijibu wewe."

Mwaka wa shule huanza Septemba, na tarehe 26 haiko mbali. Kabla ya siku hiyo kila mwanafunzi aandike kwenye daftari kivuli cha fimbo kitakuwaje saa sita ya adhuhuri, na wiki tatu baadaye kitalala upande gani. Waweke daftari, watoke, wapime. Kisha waulizwe swali la mwisho, lile ambalo karibu wote hulikosa mara ya kwanza: je, kivuli hiki chathibitisha kwamba Dunia hulizunguka Jua? Jibu ni hapana. Ptolemy naye angetabiri kivuli hichohicho, kwa sentimeta zilezile.